Fundo la Ng'ombe

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Nane, nane, nane. Tangu asubuhi nafunga fundo la nane, lile lenye umbo la tarakimu 8, na kulifungua. Wiki ya tatu sasa. Vidole vimechubuka, ugali wa moto naumega kwa ncha za kucha.

Mwalimu Okech anapita nyuma yetu kimya. Jaluo wa Shirati, mtu mzima, miaka mingi amening'inia kwa kamba kwenye mitambo ya mafuta huko baharini Ulaya. Fundo baya analitupa ziwani pamoja na kamba yake, na mwenyewe unaingia majini kuifuata. Leo nimeingia mara moja. Shija mara tatu.

Wanafunzi tuko tisa. Kampuni itachukua sita. Kazi ni kufika kwa kamba mahali ambapo ngazi na jukwaa la miti havifiki: maghala ya nafaka, matangi, mapaa ya viwanda vya samaki, na migodini ikifunguliwa. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Sisi cha kwetu kiko juu, tunaning'inia.

Daftari hili ni la hesabu la binti yangu Ng'washi. Kurasa za mbele ni kuzidisha na kugawanya, nyingi zina vyema. Alilisahau alipokwenda Bujora kwa mdogo wangu. Watu tunawaambia amekwenda kutembea. Amekwenda kwa sababu kule kuna chakula.

Jumatano, 6 Agosti

Somo jipya. Kuhamisha mzigo kando kwa kamba.

Miamba miwili mikubwa ya ufukweni, katikati pengo lenye mawe na maji. Kamba moja inatoka mwamba wa kushoto, nyingine wa kulia, zote zimefungwa kwenye pipa la mchanga. Pipa linaanza likining'inia kushoto. Wa kulia wanavuta, wa kushoto analegeza kidogo kidogo kupitia chuma cha breki. Pipa linatembea hewani kwenda kando mpaka linakuwa la kulia. Kulieleza ni rahisi.

Sisi tukavuta kwa wimbo. Wasukuma sita kati ya tisa, utatufanyaje. Shamba tumelima kwa wimbo, magunia ya pamba kiwandani tumebeba kwa wimbo. Shija akaanzisha, tukaitikia, tukavuta wote kwenye pigo. Pipa likaruka kama ndama. Mwalimu alipuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Hapa hatulimi," akasema. "Mnavuta mnapoachiwa, basi." Kuanzia leo ni kimya. Kuvuta kimya kunachosha kuliko kuvuta kwenyewe.

Aliyepewa breki ni Rwegasira. Mhaya wa Muleba, alikuwa karani wa ushirika mpaka ushirika ulipokufa. Jirani yangu hapa Igogo, nyumba ya nne. Mtu wa mpangilio kupita kiasi. Akiona fundo la mwenzake limepinda analilegeza na kulinyoosha upya bila kuombwa. Shija anamwita Bwana Pasi. Mikono yake haina nguvu lakini anajua kuachia kamba. Mimi sijui. Maisha yangu yote nimevuta tu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Siku ya wakulima, na sisi tuliokimbia jembe tumepumzika.

Mke wangu Kabula amekaanga mapanki tangu alfajiri. Minofu ya sangara inapanda ndege, sisi tunabaki na kichwa na mifupa. Hata hiyo mifupa sasa inagombaniwa getini. Nguo zake zote zinanuka mafuta na hasemi kitu.

Leo amesema. Hakupandisha sauti. "Baba Ng'washi, hii ukiikosa tunarudi Bujora." Kurudi Bujora ni kukaa chini ya Luhende, mdogo wangu, nimwombe shamba, nimwombe jembe, nile kwake. Mimi niliyeondoka kijijini nikijiita fundi mitambo. Kiwanda cha kuchambua pamba walipokifunga walisema ni kwa muda tu, anatafutwa mnunuzi. Mwaka wa pili huu.

Naogopa. Sina neno jingine la kuweka hapo.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefanya jambo baya. Naliandika kabla sijaanza kujidanganya.

Mwalimu alikuwa anatupima kwa saa. Mwamba wa kushoto tulikuwa wawili. Mimi wa kufunga nanga, yaani ile kamba inayouzunguka mwamba na kushika breki. Rwegasira kwenye breki. Kwa kuwa pipa halina roho hatukuweka kamba ya akiba, hiyo ni ya siku ya kuhamisha mtu. Nilitaka tuwe wa kwanza. Nikazungusha kamba, mkono ukafunga, nikainua kidole kuwa tayari. Rwegasira akatazama, akaona fundo, akaitikia kwa kichwa.

Pipa likafika katikati. Rwegasira akaona ncha ya kamba imelala juu ya jiwe. Nyeupe, kama kamba zote. Akadhani ni ya breki yake imenasa. Akaivuta.

Nanga ikafunguka yote. Breki ikaruka na kamba yake, pipa likabebwa kulia, likaupiga mwamba wa pili, likapasuka. Mwalimu alikuwa amesimama pale. Limemchuna bega mpaka nyama ikaonekana. Angekuwa hatua moja mbele tungekuwa tunaandaa mazishi.

Nilijua palepale. Mkono wangu haukufunga nane. Ulifunga fundo la ng'ombe.

Baba alinifundisha kabla sijajua kuhesabu. Kitanzi ndani ya kitanzi. Ng'ombe akivuta linakaza, wewe ukivuta ncha linaachia mara moja, hata zizi likiwaka moto. "Ng'ombe hafungwi abaki," alikuwa akisema. "Anafungwa afunguliwe." Na likishafunguka halibaki. Kamba inanyooka, hutajua kama ilikuwa na fundo.

Mwalimu, damu inamchuruzika, aliniuliza: "Masanja, ulifunga nane?"

Nikasema nilifunga nane.

Jumanne, 12 Agosti

Wamemfukuza Rwegasira.

Mwalimu alikuja na bega limefungwa bendeji. Akasema nane haifunguki kwa kuvutwa, kwa hiyo kuna mtu alilifungua. Shija akasema Rwegasira huwa ananyoosha mafundo ya wenzake. Hakusema kwa ubaya, alisema kwa sababu ni kweli. Tukamgeukia wote, na mimi nikiwemo. Nilimgeukia kama wengine.

Angekataa tu. Badala yake akafikiri. Anafikiri kabla ya kujibu, ndiyo tabia yake. Akasema, "Sikumbuki, Mwalimu. Labda nililigusa."

Akaambiwa arudishe mkanda na kofia. Alikaa juu ya jiwe akapangusa mkanda mchanga wote, mpaka kwenye vifungo, ndipo akaukabidhi. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Havina soli ya maana.

Tumerudi Igogo kwa njia moja, yeye mbele, mimi nyuma.

Jumatano, 13 Agosti

Njia ya mwongo ni fupi, tulifundishwa. Mbona yangu inaendelea.

Nimefunga mafundo arobaini leo. Kila moja nimelihesabu kwa vidole kabla ya kuinua mkono. Mwalimu amesema, "Angalieni Masanja." Wameniangalia. Nilitamani miamba inifunike.

Ijumaa, 15 Agosti

Majina yamesomwa. Sita. Langu ni la pili.

Mtihani ni Jumatatu ya tarehe ishirini na tano, watu wa kampuni watakuja kutazama. Safari hii anahamishwa mtu. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetaka awe mzigo, lakini mkanda unamkandamiza pale penye kidonda. Ameahidi atatafuta mwingine.

Nilimwambia Kabula mlangoni. Aliweka karai chini, akakaa kwenye ndoo, akalia na kucheka kwa pamoja. Halafu akaenda stendi kumtafuta mtu wa Kisesa wa kupeleka salamu Bujora: Ng'washi ajiandae, shule zikifunguliwa anarudi kwao. Nilimwacha aende. Sikumzuia.

Sina haki ya kumwona akifurahi vile.

Jumapili, 17 Agosti

Nimempita Rwegasira nikitoka kanisani. Heri ningezunguka njia ya juu.

Amefunga kipande cha kamba kwenye nguzo ya kibaraza chake. Anafunga nane, anarudi nyuma hatua mbili, anavuta. Haifunguki. Anakwenda kuliangalia. Anafunga tena, anavuta kutoka upande mwingine. Mke wake amesimama dirishani anamtazama. Nilisalimu. Akaitikia vizuri kabisa, akaniuliza habari za Kabula. Halafu akasema, "Masanja, kuna namna nililishika. Sijaipata bado."

Nikasema asijisumbue. Hayo ndiyo maneno yaliyonitoka. Asijisumbue.

Chakula cha mchana sikula. Kabula amedhani ni mawazo ya mtihani.

Jumatatu, 18 Agosti

Leo tumehamisha mtu kwa mara ya kwanza. Shija alikuwa mzigo. Mimi nimepewa breki ya kushoto, nafasi ya Rwegasira.

Sikuweza kuachia. Kulia wanavuta, mimi nimekaza, Shija yuko katikati anatukana kwa Kisukuma. Mwalimu ananiambia legeza, legeza, mikono haitaki. Kila nikitaka kulegeza naona ile ncha juu ya jiwe. Ilibidi Mwalimu aje aweke mkono wake mzima juu ya wangu. Kamba ikatoka shubiri moja moja. Shija alipofika upande wa pili alibusu mwamba, watu wakacheka.

Mwalimu ameniuliza nina nini. Nimesema homa.

Jumanne, 19 Agosti

Rwegasira anaondoka Alhamisi. Mke wake ndiye aliyemwambia Kabula kisimani. Anarudi Muleba kwenye migomba ya baba yake. Anakwenda kwa basi, kuzunguka kote Biharamulo. Tangu meli ile izame mwaka jana na shemeji yake ndani hapandi tena meli.

Nilikwenda jioni kabla jua halijatua. Alikuwa anakunja shati. Vitu vyake vimepangwa kwenye boksi kwa ukubwa, vitabu chini, vyombo juu. Ile kamba ilikuwa bado kwenye nguzo.

Sikukaa. Nilifunga fundo la ng'ombe pale kwenye nguzo, nikampa ncha.

Alivuta. Kamba ikaanguka imenyooka.

Alibaki ameishika. Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige. Akaketi juu ya boksi. "Siku nane," akasema, "nauliza mkono wangu." Akarudia, siku nane. Halafu akasema, "Mimi usiniambie, mimi najua sasa. Kamwambie Mwalimu."

Mke wake hakunisindikiza hata kwa macho.

Jumatano, 20 Agosti

Nimesema.

Nilimkuta Mwalimu peke yake anakagua kapi. Nikamwamkia. Nikaeleza yote kwa mfululizo, mpaka baba na zizi, kama mtoto anayetapika. Alinipa kamba. "Funga." Nikafunga kwenye jiwe. Akavuta ncha. Akaitazama kamba iliyonyooka kwa muda mrefu, akafunga mwenyewe, akavuta tena. Hata kwenye hasira yule mtu anajifunza.

Kisha hasira ikaja. "Pipa lingeniua ningekusamehe," akasema. "Mkono hukosea. Lakini mdomo wako ulikuwa na wiki nzima. Umenifanya nimfukuze mtu."

"Vua mkanda," akaniambia.

Nilikaa juu ya jiwe nikaupangusa mchanga, mpaka kwenye vifungo. Nilijua kwa nini Rwegasira alifanya vile. Mikono inataka kazi ya mwisho.

Shija ametumwa Igogo mbio akamzuie Rwegasira asikate tiketi.

Alhamisi, 21 Agosti

Kabula hakulia. Ningependa angelia.

Nilimweleza asubuhi. Alisikiliza huku anageuza mapanki. Likaungua moja, akalitoa, akaliweka pembeni. Akauliza swali moja tu: kama nisingesema, kuna mtu angejua? Nikasema hakuna. Sijui kama ananilaumu kwa kusema uongo au kwa kusema ukweli. Pengine vyote viwili. Pengine ana haki ya vyote viwili.

Baadaye ametuma tena salamu Bujora. Ng'washi asijiandae.

La kuvunda halina ubani. Mchana nimekaa ndani, nimetazama bati. Nina miaka thelathini na minane. Sijui kufanya kitu ambacho mtu yeyote katika mji huu anakihitaji.

Jumamosi, 23 Agosti

Shija amekuja, hakutaka kukaa. Mwalimu amekosa mzigo. Sita wote wana kazi kwenye kamba, bega lake halijapona, na watu wa mtaani wakiona lile pengo wanakumbuka wana safari. Anauliza kama nitakubali.

Kabula alikuwepo. Akauliza nani yuko kwenye breki.

Shija akasema Rwegasira.

Nikasema nitakuja.

Jumatatu, 25 Agosti

Saa tatu kamili. Watu wa kampuni watatu, chini ya mwavuli, na makaratasi. Upepo wa ziwa si mkali.

Sikuruhusiwa kugusa fundo lolote. Mzigo hauulizi, Mwalimu aliwaambia hivyo wote, akinitazama mimi. Rwegasira alikuja kunikagua kifuani. Fundo lilikuwa limepinda kidogo. Alililegeza, akalinyoosha, akakaza. Hakuniangalia usoni. Nilisikia pumzi yake.

Wakaniachia nje ya mwamba wa kushoto.

Nimepanda na kushuka sana wiki hizi, lakini nilikuwa nashika mwenyewe. Leo mikono yangu ilikuwa haina kazi. Kulia wakaanza kuvuta, kimya, kama tulivyofundishwa. Kushoto akalegeza. Nikatembea kando, ubavu mbele, miguu inapapasa hewa. Chini mawe, na alama nyeupe pale pipa lilipopiga.

Katikati Mwalimu alipuliza filimbi. Simama. Ni sehemu ya mtihani, mzigo unaachwa wakati nanga zinakaguliwa. Nikazunguka taratibu mpaka nikamwona Rwegasira. Kamba zangu zote mbili za kushoto, ya kazi na ya akiba, zilipita mikononi mwake. Aliweka kiganja juu ya fundo la nanga ya kwanza, akakiacha pale. Ya pili vilevile. Halafu akainua uso akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu ile Jumanne.

Sijui ni muda gani. Nilijua tu kwamba nikiwa yeye, na yeye akiwa pale nilipo, nisingejiamini. Hofu ilinishuka mpaka kwenye nyayo. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini mtu aliyening'inia kwenye kamba ya mwenzake akiomba msamaha anaomba kitu kingine. Nikafumba mdomo.

Kamba ikaja. Shubiri moja. Nyingine. Hakuharakisha na hakukaza, hata mara moja sikushtuliwa. Hakuna mtu aliyewahi kunibeba kwa uangalifu ule tangu nilipokuwa mgongoni kwa mama. Nililia pale hewani na nadhani watu wa mwavuli walidhani ni upepo.

Upande wa kulia Shija alinifungua. Nikakaa chini.

Wote sita wamepita. Rwegasira ameandikwa wa kwanza.

Wakati wa kuondoka alinipita na kamba zake begani, zimekunjwa duara sawasawa. Akasimama. Akasema nimsalimie Kabula. Ni hilo tu, akaenda.

Mwalimu ameniita akanirudishia kitabu changu cha saa za kamba, kile anachotia sahihi kila jioni. Mstari wa mwisho ameujaza mwenyewe kwa mkono wake. Tarehe. Jina, Masanja. Kazi, mzigo. Muda, saa moja. Sahihi. Nimekiweka ndani ya daftari hili. Hakuna kazi duniani itakayokiuliza, lakini nimekiweka.

Jumapili, 31 Agosti

Bujora. Tumefika tangu Ijumaa.

Luhende amenipa shikamoo yangu mbele ya watu wote, kisha akanionesha pa kulala. Kabula amepewa jiko la nyuma. Nguo zake zimefuliwa mara mbili, harufu ya mafuta inaanza kutoka. Jana alinicheka nilipoangusha jembe. Kicheko kidogo. Nimekipokea.

Ng'washi amelikuta daftari lake. Nimemwambia kurasa za nyuma asizisome mpaka awe mkubwa. Ameuliza mkubwa wa kiasi gani.

Jana jioni Luhende alinipa dume nimfunge. Nikazungusha kamba kwenye nguzo huku naongea na mtoto, mkono ukafunga, nikaenda kula. Asubuhi hii nikamsikia Luhende zizini analalamika. Anavuta ncha, haiachii. Anavuta tena, dume naye anavuta, linazidi kukaza. "Kaka, umemfunga nini huyu?"

Nikaenda kuangalia. Nane. Safi, imenyooka, hata Rwegasira asingeigusa.

Nilimwambia asivute. Nikamsogeza dume mbele hatua moja, nikalilegeza fundo kidogo kidogo mpaka likaachia. Dume akaenda zake kunywa maji.